Nimekaguliwa kama Jasusi, Nabeba Rangi ya Kucha

Kuna watu hapa Houston wanaoamini kwamba dereva wa lori ni mtu aliyeshindwa kila kitu kingine maishani, akapewa usukani ili asikae bure. Watu hao nawaombea jambo moja tu: siku moja waiombe herufi H.

Hiyo ndiyo herufi inayoongezwa kwenye leseni ya lori huku Marekani ili dereva aruhusiwe kubeba mizigo hatari: baruti, gesi, petroli, sumu, tindikali na ndugu zao wote. Sisi madereva tunaiita hazimati. Ni herufi moja. Mwalimu wangu wa darasa la kwanza alinifundisha herufi zote kwa chaki na fimbo, H ikiwemo, na hakuna siku aliyotaka alama za vidole vyangu.

Leseni yenyewe ya lori nilikuwa nayo zamani, nikibeba mizigo ya amani: karatasi za chooni, maji ya chupa, chakula cha mbwa. Chakula cha mbwa hakina makuu. Kikianguka, kinafagiliwa. Lakini msimamizi wetu wa mizigo akaanza kunipigia kelele, "Chukua hazimati, hazimati inalipa." Na wewe mwambie mtu mwenye watoto shuleni na ndugu wanaokumbuka namba yake kila mwisho wa mwezi kwamba kuna kitu kinalipa, halafu uone kama atalala.

Kwanza ni darasa. Tangu Februari 2022, sheria ya shirikisho inamtaka kila anayeomba H kwa mara ya kwanza asome nadharia kwa mkufunzi aliyesajiliwa, apate angalau asilimia 80 kwenye jaribio la mkufunzi huyo, ndipo aruhusiwe kuusogelea mtihani wenyewe wa serikali. Yaani unafanya mtihani wa kuruhusiwa kufanya mtihani. Nilisomea kwenye kompyuta, mezani jikoni, nikisimuliwa na sauti ya mwanamke mpole ajabu. Sauti ile ilikuwa ikinieleza kwamba mvuke wa kitu fulani unaweza kukumaliza hata kabla hujakisikia harufu, kisha kwa upole ule ule inanipongeza kwa kumaliza somo.

Tulisoma wawili, mimi na jirani yangu, mzee mmoja wa Uvira, Kongo, aliyefika Texas kwa kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma. Wakimbizi waliopokelewa rasmi nao wanaruhusiwa kuomba. Yeye alikuwa akija na chai yake kwenye chupa, mimi natoa mandazi, tunafungua sura ya 9 ya kitabu cha madereva, na mke wangu anahamia chumbani na mto wake.

Sura ya 9 inasema mizigo hatari ina madaraja 9. La kwanza vilipukaji, la pili gesi, la tatu vimiminika vinavyowaka, la nne vitu vigumu vinavyowaka, la tano vile vinavyouchochea moto wa wenzao, la sita sumu na vijidudu vya maradhi, la saba mionzi, la nane vinavyobabua ngozi na kula chuma. Daraja la 9 ni mengineyo. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Wataalamu wamekaa wakazipanga baruti, wakazipanga sumu, wakapata hata pa kuweka madini ya nyuklia. Kisha kuna kitu kimewashinda kukiweka popote, na hicho ndicho wanachonikabidhi mimi niende nacho El Paso.

Kila daraja lina bango lake, mraba uliosimamishwa kwa kona, nalo hubandikwa pande zote 4 za lori. Kwa mizigo mikali kabisa, kama gesi ya sumu, bango linatakiwa hata ukibeba kidogo. Kwa mingi iliyobaki, ikiwa kwenye mapipa na makasha, bango huanzia ratili 1,001, kama kilo 454 hivi. Ukiwa na ratili 1,000 wewe ni raia mwema, pita. Ikiongezeka moja, unatakiwa mabango, mafunzo, alama za vidole na herufi. Hiyo ratili moja naitafuta. Nataka niione uso kwa uso, maana inaelekea hatari yote ya nchi hii imekaa humo.

Halafu kuna jedwali. Jedwali la mizigo hatari lina safu 10, na alama zake ni za kujumlisha, za herufi, za namba, kila moja na maana yake. Jina la bidhaa liandikwe kama lilivyo kwenye jedwali, namba ya utambulisho iwepo, daraja liwepo, na mpangilio usigeuzwe. Jirani yangu alilitazama muda mrefu, akanywa chai, akasema hata barua za posa za kwao hazina masharti namna hii.

Ila ni yeye huyo aliyeing'amua siri ya mtihani. Maswali ni 30, ufaulu ni 24. Akaniambia, "Kaka, angalia majibu yote. Lile lenye kumsumbua dereva kupita mengine, ndilo lenyewe." Nikacheka. Kisha tukapitia sura nzima kwa kipimo hicho, na nakuapia kinafanya kazi.

Ukifika kwenye reli na mabango yako, unapita tu kwa kuangalia? Hapana. Unasimama kabisa, kati ya futi 15 na 50 kabla ya reli, hata kama treni haijaonekana, kisha unavuka bila kubadili gia. Lori limeharibika barabarani na limebeba petroli, unawasha fataki za kuwaonya wenzako? Thubutu. Unashuka kupanga pembetatu zako za kuakisi mwanga, moja moja, kwa miguu yako. Umebeba sumu na kuna nafasi nzuri kabisa ya kuongeza maboksi ya biskuti? Sahau biskuti. Unasikia hamu ya sigara? Utaisikia ukiwa futi 25 kutoka kwenye lori.

Sheria ninayoipenda kwa uchungu ni ya hati za shehena. Ukiwa umeketi na mkanda umefungwa, hati ziwe mahali mkono wako unapofika. Ukishuka, ziwe kwenye mfuko wa mlango wa upande wa dereva, au uziache juu ya kiti chako. Kwa nini? Ili wazimamoto wakikukuta huwezi kusema, wajue ulichobeba. Hebu soma tena polepole. Kanuni nzima imeandikwa na mtu aliyekwisha kukubali moyoni kwamba mimi nitakuwa nimelala chini. Hajauliza hali yangu. Anauliza karatasi ziko wapi.

Baada ya vitabu, yakaja mambo ya usalama wa taifa. Mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayotaka kila dereva wa mizigo hatari achunguzwe kwanza, na kuanzia 2005 alama za vidole zikawa lazima. Kazi hiyo walipewa TSA, wakala wa usalama wa usafiri, hao hao waliokuwa wakiwavua abiria viatu viwanja vya ndege tangu 2006 hadi walipochoka 2025. Uchunguzi unaitwa tathmini ya tishio la usalama, unalipiwa na anayeshukiwa, dola themanini na kitu, na unashauriwa kuomba siku 60 kabla. Nilipomwambia mke wangu kwamba serikali inatathmini kama mimi ni tishio, alicheka mpaka akakaa chini. "Tishio gani? Huyu si ananiita mimi nije kuua mende?"

Fomu inataka majina mengine yote uliyowahi kutumia. Jamani, mtu wa kwetu na majina! Nina jina la ubatizo, nina la babu, nina ambalo karani wa shule aliliandika vibaya nikafanyia nalo mitihani hadi kidato cha nne, na nina la uwanjani ambalo mbele ya wakwe halitajwi. Nafasi ikaniishia. Inataka jiji ulilozaliwa. Mimi nilizaliwa nyumbani kwa bibi wilayani Kilosa, mahali ambapo hata basi husimama likipenda. Inataka urefu, uzito, rangi ya macho na rangi ya nywele. Kwenye nywele nikamtazama karani, naye akakitazama kichwa changu, tukatafuta wote wawili.

Kisha vidole. Binti wa pale akanishika kidole kimoja kimoja, akakibonyeza kwenye kioo, mashine ikakataa. Akaufuta mkono wangu, mashine ikakataa. Akaniuliza kama huwa napaka losheni. Nikamwonyesha viganja. Mistari imelika kwa miaka ya kukaza minyororo na kufunga kamba za mizigo. Kwa hiyo kazi ile ile ninayoomba ruhusa ya kuifanya ndiyo iliyofuta ushahidi kwamba anayeomba ni mimi. Jirani yangu alipofika zamu yake, mashine ilimpokea kwa mara moja. Alishapigwa alama kambini, akapigwa tena wakati wa usaili wa kuja Marekani, akapigwa tena alipofika. Akatoka anatembea kwa madaha. "Banajua bidole byangu kupita sura yangu," akasema.

Kuna pia orodha ya makosa yanayokunyima herufi hii maisha yako yote: uhaini, ujasusi, ugaidi, mauaji na mengine ya kiwango hicho. Unaisoma huku unatikisa kichwa, halafu ghafla unajikuta unapekua kumbukumbu. Je, yale maembe ya misheni? Mtu mzima mwenye mvi za ndevu naketi ofisini nikitubu maembe ya mwaka ambao hata Marekani sikuijua.

Kosa kubwa kuliko yote lilifanywa na mke wangu, aliyempigia mama simu Morogoro na kumweleza kwamba sasa nitabeba mizigo hatari. Mama akanyamaza, kisha akauliza, "Mwanangu, huko viazi havisafirishwi?"

Sikumcheka. Mama anakaa mjini Morogoro, na Agosti 10, 2019 alikuwepo lilipopinduka tangi la petroli karibu na Msamvu. Watu walikimbilia na madumu kuchota mafuta, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Jirani yangu naye ana ya kwao: Julai 2, 2010, kijiji cha Sange, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu, tangi lilipinduka, mafuta yakamwagika, na moto ukaua watu zaidi ya 200. Sura ya 9 inaeleza kazi ya dereva wakati wa ajali, na ya mbele kabisa ni kuwazuia watu wasisogee: waambie ni nini, wafukuze, na wewe mwenyewe usikae karibu. Tulipofika hapo kichekesho chake cha jibu lenye kusumbua hakukitumia. Alisema tu kwamba hilo swali hatulikosi, akageuza ukurasa.

Na ndiyo maana, kwa kweli, malalamiko yangu hayako kwenye ukali. Kaeni wakali. Tatizo langu ni mnaukatia wapi huo ukali.

Maana herufi ilipokuja, baada ya kukaguliwa mpaka kidole cha mwisho, nilijiandaa kwa shehena ya heshima. Nilipiga pasi shati. Nilinunua tochi mpya. Nilikiweka mbele yangu kitabu cha dharura chenye jalada la machungwa, toleo la 2024, ambacho wazimamoto pia hukitumia: kurasa za manjano unatafuta kwa namba, za buluu kwa jina, za machungwa zinakwambia ufanye nini, za kijani zinakwambia ukimbie umbali gani. Namba 1203, petroli, mwongozo wa 128, nilikuwa naikariri hata bafuni. Nikafika ghalani, nikapokea hati, nikasoma: daraja la 3, kimiminika kinachowaka, namba 1263. Nikamuuliza mpakiaji ni kitu gani. Akajibu bila kuinua macho: rangi ya kucha.

Mapipa kwa mapipa ya rangi ya kucha, nyekundu nyingi, yakielekea kiwandani kujazwa kwenye vichupa.

Na kweli inawaka, sibishi. Mvuke wake hautaki utani. Ila nisikilize vizuri: rangi ile ile ikishaingia kwenye vichupa, vichupa vikaingia kwenye maboksi ya saizi inayotakiwa, inahesabiwa kuwa kiasi kidogo kidogo na inasamehewa bango. Lori zima linaweza kujaa vichupa, na atakayelivuta hahitaji H, hahitaji sura ya 9, na hakuna anayetaka kujua alizaliwa jiji gani. Mimi ninayeipeleka kiwandani ni suala la usalama wa taifa. Kijana anayeitoa kiwandani anaimba.

Ile nyongeza ya malipo ya hazimati nayo ilikuja. Senti kadhaa kwa maili. Ukitoa gharama ya mafunzo, ada ya uchunguzi na siku nilizopoteza kwenye foleni, nimeanza kupata faida juzi juzi, na faida yenyewe inaishia kwenye soda.

Barabarani ndiko utakakojua kwamba mabango yanasomwa na wazimamoto peke yao. Mizigo hatari inayopita tu Houston hairuhusiwi kukatiza katikati ya jiji, unazungukia barabara ya duara ya 610. Ni sawa. Mwaka 1976 lori la gesi ya amonia lilianguka kutoka juu ya makutano kwenye barabara hiyo hiyo, watu wakafa kwa kuivuta, na wakongwe wa hapa bado wanaisimulia. Lakini madereva wa magari madogo wanaonizunguka hawajaisikia. Wanalibananisha tela utadhani wanainakili namba ya bango wakaichezee bahati nasibu. Na pale relini ninaposimama kama sheria inavyotaka, nyuma yangu honi zinapigwa na watu wanaoniona mshamba aliyetoka nchi isiyo na treni. Natamani nishuke niwaeleze kwamba kwetu Morogoro reli ya kati ilifika kabla babu zao hawajanunua gari, ila nikishuka itabidi hati niziache kitini.

Aliyeumia zaidi na elimu hii ni familia yangu. Siwezi tena kuingia stoo ya nyumbani kwangu kwa amani. Klorini ya bwawa la kuogelea iko rafu moja na mafuta ya mashine ya nyasi: daraja la 5 juu ya daraja la 3, nani kawapanga hawa? Dawa ya kung'arishia nguo imeegemezwa na ya vioo yenye amonia, na mbili hizo zikichanganyika zinatoa gesi inayobana kifua. Nimehamisha, nimeandika vibandiko, nimewakataza watoto kuweka mchele chini ya sumu ya panya. Shemeji alikuja kwa nyama choma, akawasha sigara karibu na mtungi wa gesi, nikampimia futi 25 kwa hatua. Alimalizia sigara yake kwenye uwanja wa jirani, na nyama zikamkuta huko huko.

Mke wangu hunitazama tu. Siku moja dukani nikamwonyesha toroli letu: petroli nyepesi ya kuwashia mkaa, dawa ya kuzibulia mabomba, asetoni, betri, manukato, na mkate juu. Nikamwambia sumu na chakula havipakiwi pamoja. Akaniuliza jumla ni ratili ngapi. Nikasema labda 40. Akasema, "Basi mimi ni raia mwema," akasukuma toroli.

Sasa herufi hii nayo ina mwisho. Uchunguzi hudumu miaka 5, kisha fomu upya, vidole upya, ada upya, na mtihani wa maswali yale 30 upya. Nimetangaza nyumbani kwamba mimi basi, narudi kwenye chakula cha mbwa. Mke wangu amesema si kitu, ataichukua yeye. Hana hata leseni ya lori, lakini anadai kwa jinsi nilivyomhubiria jikoni, mtihani ataupita akiwa anakaanga vitunguu. Vidole vyake vina mistari yote. Maembe ya misheni hakuiba. Kinachomzuia ni kipengele kimoja tu kwenye fomu, na amesema Marekani yote isubiri hadi wakibadilishe, kwa sababu kuna swali ambalo hata mimi mumewe hajawahi kunijibu: rangi halisi ya nywele zake.